Mchele wa Arobaini

Mwaka ule rafu za maduka ya Chumbageni zilikuwa tupu, na serikali ikamtuma kijana mwenye mizani aje kupima kuni tunazochoma. Kwa siku sita alikuja asubuhi kupima kuni na chakula kabla ya moto, kisha akarudi kupima kuni zilizobaki. Aliuliza mti ulikatwa wapi, mbichi au mkavu.

"Serikali inataka kujua chungu kimoja kinakula msitu kiasi gani," alimwambia mama.

"Na tunachokula sisi haitaki kukijua?"

"Hicho nacho naandika, shangazi."

Sisi tulikuwa watu wa bada, ugali wa muhogo, mchana na usiku. Lakini mama hakukubali bada iandikwe kwenye daftari la serikali. Alifunua mtungi wenye mchele tuliouweka kwa arobaini ya marehemu bibi, akachota vibaba viwili, akapika wali.

Kesho yake tena. Na kesho kutwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Kila kibaba kilipoingia mtungini kilikwangua chini zaidi. Bibi atasomewa hitima, watu watoke na njaa?

"Mama, na arobaini?" nilinong'ona siku ya nne.

"Nyamaza! Mgeni atasikia."

Siku ya tano nilimtangulia mama jikoni. Yule kijana alipofika, alikuta nimeshatoa unga wa muhogo uani, na mtungi nimeukalia. Mama alinitazama kwa jicho ambalo hadi leo sijalisahau. Kijana aliweka unga kwenye mizani, akaandika, akacheka peke yake.

"Shangazi, mtaa mzima mnanipikia wali, na dukani mchele hamna! Leo ndiyo mara ya kwanza nimeandika kweli."

Bada ilipoiva mama alimwambia, "Haya, nawa mikono." Kijana alikula nasi, akasahau kupima kuni zilizobaki.

Siku ya arobaini, wali uliisha kabla ya kufika jamvi la mwisho, walikokaa majirani zetu wanawake. Mama alisimama mlangoni na sinia la bada. Alilitua mbele yao, akafunua kawa.

Hakuna aliyeinua uso. Walimega, wakatowea mchuzi, wakala. Mitungi yao nayo ilikuwa mitupu.