Sauti ya Baba Kwenye Kadi Iliyochoka

Nakumbuka siku moja ya harusi, mwanangu, nikiwa kijana fundi simu pale Mwanga, mlango wa pili kutoka kwa mafundi cherehani. Ndevu zilikuwa nyeusi, na ulimi ulikuwa mwepesi kuliko mikono. Sasa vyote vimepoa, alhamdulillahi.

Asubuhi aliingia Bi Sikitu, aliyenisomesha Kurani utotoni huko Buzebazeba, pamoja na mjukuu wake Zuena, hina mbichi mikononi. Jioni ile Zuena alikuwa anaolewa mtaani Kasingirima. Marehemu baba yake alikuwa amemrekodia dua ya siku hiyo, na sauti ile ilibaki mahali pamoja tu: kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu ya zamani. Sasa ilikuwa ikikwaruza tu.

Niliisoma kwa kompyuta, nikasema, "Bibi, kadi hii imekufa."

"Umeisoma mara ngapi?"

"Moja."

"Alaa! Na wewe ulipokuwa ukiruka aya kama panzi, nilikuzika?"

Zuena akacheka, machozi yangali yanamtoka. Bibi akaendelea: "Mtoto akikosea, namwambia asome tena. Kosa likihama, huko ni kuishiwa pumzi tu. Likirudi palepale, hapo ndipo hajahifadhi. Kukosea si kosa, kosa ni kurudia kosa. Haya, isomeshe tena kadi yako."

Alikuwa amesema kweli. Ndani ya kadi mna vyumba vidogo mno, kila kimoja kimeshika chembe ya umeme hata simu ikizimwa. Kadi ikizeeka, baadhi huyumba: ukikiuliza kimoja sasa kinasema ndiyo, ukikiuliza tena kinasema siyo, bila mpangilio wowote. Hiyo ndiyo kelele ile ya kukwaruza. Lakini chumba kilichokufa hukosea vilevile kila mara. Basi nikainakili sauti ile tena na tena, nikalinganisha nakala zote, na kila mahali nikashika jibu lililotoka mara nyingi zaidi. Bibi alikaa na tasbihi yake, hakunihimiza. Subira yavuta heri. Kufikia alasiri sauti ilitoka safi, isipokuwa pengo moja la pumzi mbili, pale vyumba vilipokuwa vimekufa kweli.

Jioni niliziunga spika mwenyewe kwenye uwanja wa harusi. Baba yake Zuena akasikika: "Zuena, mama, Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye..." Kimya.

"Watoto!" akadakia mgeni mmoja.

"Migebuka!" shangazi yake akapaza sauti, akiwataja samaki wa ziwa letu, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Katikati ya kicheko kile baba akarudi: "...na furaha isiyokwisha." Vigelegele vya siku ile, mwanangu, nadhani vilivuka ziwa.

Kwa hiyo nakuusia: usimhukumu mtu, wala chombo, kwa jibu moja. Uliza tena kwa upole. Kosa linalohama lisamehe, ni uchovu wa viumbe. Linalorudi palepale litambue bila chuki, lakini usitupe mema yote yaliyolizunguka.

Mwenyezi Mungu akupe sikio lisilochoka na moyo mpana, akulindie kila jema ulilokabidhiwa. Amin.