Matawi Getini

Juzi pale Hurlingham niliona pikipiki imechomekwa tawi bichi mbele, mwenyewe akitoka kwenye maandamano. Harufu ya majani yale ikanirudisha Kabiria, nikiwa mtoto.

Mchana mmoja wa ghasia za baada ya uchaguzi, moshi wa matairi ulikuwa umetanda hadi kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupangisha. Baba alikata matawi ya ua wetu, akayafunga getini. Mimi nikadhani ni Jumapili ya Matawi. Sikujua kwamba watu walibeba matawi ili wasipigwe.

Mpangaji wetu, Mama Akinyi, alikuwa akipakia godoro na sufuria kwenye mkokoteni. Akinyi, rafiki yangu, alikuwa ameketi juu ya mizigo. Nikachukua tawi moja, nikawafuata nikiimba Hosana. Mama yangu akaniziba mdomo.

"Mwache aimbe," Mama Akinyi akasema. Kisha akamgeukia baba. "Baba Wanjiru, hao vijana wanaotufukuza kwa sababu ya kabila letu ni wa hapa hapa. Si uongee nao? Wewe watakusikia."

Baba alitazama chini. "Mambo yakitulia mtarudi."

Mkokoteni ukaondoka. Baba akayakaza matawi, akafunga geti.

Hawakurudi. Hadi leo, nyumbani kwetu tunasema walihama.