Ukungu Alioutunga Catherine

Hili ninalowaandikia hapa hakuna atakayeliamini. Hata padri nilipomsimulia alikohoa tu, akaniuliza kama mahindi yangu yameota. Sasa kama padri, anayeamini mambo mazito kuliko haya kila Jumapili, ameshindwa, ninyi mtawezaje? Lakini someni. Mimi Gervas niliishia darasa la tano kwa sababu walimu walikuwa wamekwisha kunifundisha yote waliyokuwa nayo. Nimewahi kukutana na chui kwenye njia nyembamba, akanipisha yeye. Mtu wa namna hiyo hatishwi ovyo. Basi Jumamosi ile ya masika nilitishika, na mpaka leo ukungu ukianza kushuka mlimani nafunga mlango, nasema ni kwa sababu ya mbu.

Habari ni ya Catherine, mtoto wa dada yangu Anastasia. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na anayemsimamia ni mjomba. Kwa hiyo Catherine akikosea, naulizwa mimi. Akipendeza, amenirithi.

Kazi yake ni mboga. Karoti, kabichi, giligilani. Anazinunua kwa wakulima huku juu, anazishusha Mlali, kisha mjini sokoni. Ukimpa mkono leo, kesho kiganja chako bado kinanukia giligilani. Ni msichana mpole, mwembamba, anayecheka kwa kuziba mdomo. Wateja wakipungua mchana, anakaa juu ya gunia, anatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, na kidole gumba kinaanza kukimbia. Hapo ndipo mpole wangu anapogeuka kuwa mtu mwingine. Anaua watu, anafufua watu, anaozesha watu wasiojuana.

Niwaeleze, maana wazee wenzangu hawajui. Kuna mtu huko mtandaoni anaandika visa vya Sajini Makoko, askari asiyelala usingizi. Mwingine, wala hawajuani, anaandika visa vya Mwanakisima, jini wa kike anayeishi ndani ya kisima. Catherine anamchukua Sajini kutoka huku, anamchukua jini kutoka kule, anawakutanisha kwenye kisa chake, halafu anakituma kipande kipande kwenye kundi la wasomaji wake. Wanaita mseto, kama ule wa choroko na mchele. Wasomaji wanapagawa.

Lakini mseto una ugonjwa wake. Watu wa dunia mbili utawakutanisha vipi? Lazima uwatafutie njia, na njia zenyewe kila mwandishi amekwisha kuzikanyaga mpaka zimekuwa tope. Ukungu unashuka, Sajini anaingia upande huu anatokea upande ule. Wakionana tu, wanapigana. Kwa nini? Hakuna anayejua, ila lazima wapigane kwanza ndipo wapendane. Adui wa huku anafunga urafiki na adui wa kule. Mtu anagonga kichwa, anasahau jina lake sehemu tano nzima. Na mambo yakimshinda mwandishi kabisa, Sajini anashtuka kitandani: kumbe alikuwa anaota!

Nilimwambia, "Cathe, mwanangu, huyo si ulisema halali? Ameotea wapi?"

Alininunia wiki nzima. Baadaye nikaona amemtia Sajini dawa ya usingizi. Kwa hiyo hata ushauri wangu unasomwa na umma.

Sasa kwenye kundi lile kulikuwa na msichana anaitwa Nasra, mwanafunzi wa chuo kikuu pale mjini, mtoto wa Tabora, mdomo kama wembe mpya. Ndiye msomaji wa kwanza kufungua kila kipande na wa kwanza kukilalamikia. Siku moja aliandika mbele ya wote: "Cathe, ukungu tena? Huo ukungu wako umechakaa kama kanga ya kupigia deki. Unaanzia wapi? Unaishia wapi? Ukungu gani hauna hata kijiji?"

Watu walicheka. Catherine hakucheka. Alikaa na neno lile kama mtu aliyemeza mfupa. Na hapo akafanya kosa ambalo mtu wa Dodoma au wa pwani asingeweza kulifanya hata kwa bahati mbaya, maana hana pa kulifanyia. Aliupa ukungu wake kijiji. Aliupeleka Kwa Bibi.

Kwa Bibi ni kichaka cha ukoo wetu. Kipo juu ya Mlali, ukipita kigango, yaani kikanisa chetu kidogo, ukipita banio la maji ya mfereji, mpaka kwenye mkuyu. Ndani wamelala wakubwa zetu. Hakatwi mti humo, haokotwi ukuni, wala haingii mtu bila mjomba wa ukoo kutangulia na unga mkononi, akawaambia walio humo ni nani anakuja na anataka nini. Sisi ni Wakatoliki safi, Jumapili tupo kanisani. Lakini Kwa Bibi ni Kwa Bibi. Na upande wa nyuma wa kichaka, ambao Catherine hakuuandika, ardhi inakwisha. Hakuna mteremko, kuna genge. Mwaka juzi ng'ombe wa jirani alipotelea huko, tulimsikia akianguka kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Catherine aliandika yote: kigango, banio, mkuyu. Akaandika kwamba ukungu wa pale ndio mlango wa dunia mbili. Na kwa kuwa Nasra alitaka jipya, akaongeza la kutisha: ukiwa ndani ya ukungu ule utasikia sauti ya mtu unayemwamini ikikuita kwa jina. Si yeye. Ukiitikia, umekwisha. Rudi nyuma, usigeuke, usijibu.

Wasomaji walilisifu sana jambo hilo.

Jumamosi hiyo nilikuwa nyumbani nakanda unga wa chapati, maana mwanamume anayejua kupika haombi mtu chakula. Catherine akaingia mbio. Aliiruka shikamoo. Hapo hapo nikajua kuna jambo, kwa sababu mtoto huyu hata akiungua moto angesema shikamoo kwanza.

"Mjomba, wameingia Kwa Bibi."

"Akina nani?"

"Nasra. Na mwenzake wa chuo, Jastin. Wamefuata kisa changu."

Akanipa simu. Sauti ya Nasra ilikuwa inacheka: "Cathe! Tumeufikia mkuyu wako, shosti. Na ukungu upo kweli, unashuka kama ulivyoandika! Tunaingia tukuletee picha." Baada ya hapo, kila akipiga, simu haipatikani.

Nilitazama mlima kupitia mlangoni. Haukuwepo. Kulikuwa na weupe tu, umekaa juu ya paa la jirani kama kuku anayeatamia.

"Mjomba," alisema, midomo imemkauka, "kule nyuma sikuandika kwamba kuna genge."

"Najua."

"Wakianguka, nimewaua mimi."

Nilichota unga uliokuwa karibu, unga wa ngano wa chapati, nikautia mfukoni. Wakubwa wetu walizoea wa mtama, lakini siku ile hawakuwa na nafasi ya kuchagua.

Tulipanda. Kwenye banio la maji nilikuwa bado namwona Catherine mzima. Kwenye mkuyu nilimwona kichwa na mabega tu, kama mtu anayeogelea. Niliweka unga chini ya mti, nikaanza maneno: "Wakubwa zangu, ni mimi Gervas, nipo na mtoto wenu Catherine, binti wa Anastasia..." Sauti ilitoka nyembamba, nikajifanya nimekohoa. Ndani hapakuwa na ndege. Majani yalikuwa yanadondosha maji polepole, na kila tone lilinigeuza shingo.

"Nasra!" Catherine aliita. "Jastin!"

Mbali mbele yetu, jiwe likabiringika. Tukalisikia likigonga, likigonga tena, halafu likaacha kugonga. Lilikuwa bado linaanguka.

"Nasra! Ni mimi Cathe! Njoo huku!"

Tukasikia mnong'ono wa mwanamume. "Usiitike. Ndiyo ile." Na nyayo zikisogea kwenye majani. Zilikuwa haziji kwetu. Zilikuwa zinaondoka.

Catherine alinishika mkono, kucha zikaingia. "Mjomba, nikiwaita wanarudi nyuma."

Na nyuma yao ndiko kulikokuwa na genge.

Ndugu zangu, nimeogopa mara chache maishani, na zote nimezikanusha. Hii siikanushi. Kunyamaza tusingeweza, maana wangeendelea kutangatanga mpaka waikose ardhi. Kuita tusingeweza, maana kila mwito ulikuwa unawasukuma.

"Nasra, mimi ni Cathe wa kweli!" alisema, akilia sasa. "Mwandishi!"

Sauti ya Nasra ikaja, inatetemeka, haina wembe tena. "Hata ile ya kwenye kisa ilisema ni ya kweli. Kama wewe ni Cathe, sema jambo analolijua Cathe peke yake."

Nikamgusa Catherine. "Sema basi! Sema chochote!"

Akatikisa kichwa. "Siwezi, mjomba. Kwenye kisa changu, ile sauti ya uongo inajibu sawasawa kila mara. Nikipatia, watajua siyo mimi."

"Na ukikosea?"

"Watajua siyo mimi."

Hapo ndipo alipokaa chini kwenye majani mabichi, mikono kichwani. "Nimeziba milango yote," alisema. "Kila kitu nilichokiokota kwa waandishi wengine nimekipanga hapa, na hakuna hata kimoja cha kuwatolea." Jiwe jingine likaenda. Jastin alipiga kelele fupi, ikakatika.

Nikamuuliza kwa kunong'ona, "Huyu Nasra wa Tabora ni Mnyamwezi?"

"Ndiyo. Mjomba, unataka nini?"

Nilijaza kifua, nikapaza sauti kama ya mnadani.

"Wewe Mnyamwezi! Nani kakuruhusu kukanyaga kichaka cha bibi yangu na hiyo miguu mipana ya kubebea mizigo? Babu yako alipita hapa na ndoo ya Mwarabu kichwani, akaomba maji, tukamnyima!"

Nyayo zilisimama. Nami nikaendelea, maana mtu akianza utani haachi njiani.

"Unaogopa ukungu, mtumwa wangu? Kwenu Tabora hamna mlima hata wa kuanikia nguo, utaujulia wapi ukungu? Umeufuata kama kuku aliyeona mtama!"

Tukasikia kitu kama kikohozi. Kisha Nasra, na ule wembe wake umerudi kidogo: "Mluguru wewe! Sisi tulitembea mpaka baharini na kurudi. Ninyi mlituona kwa mbali mkakimbilia juu ya milima kama nyani, mpaka leo hamjashuka!"

"Tumeshuka kuuza karoti!"

"Mnauza karoti kwa sababu hamna mchele!"

"Nasra, nyamaza," Jastin alisema, analia waziwazi. "Umeshaitikia! Tumekwisha."

"Mzimu gani unatania, Jastin? Huyo ni mtani. Mzimu hauwezi kunitukania babu yangu na ndoo."

Maana hilo la utani wa Mluguru na Mnyamwezi Catherine hakuliandika, wala sijasikia kama kuna mwandishi wa mseto aliyewahi kuliandika. Mtu wa uongo anaweza kuiga sauti yako, akajua siri zako na jina la mama yako. Lakini mtani humjui, hujawahi kumwona, na bado ana haki ya kukutukana na wewe una wajibu wa kurudisha. Nasra hakuweza kunyamaza. Hata angetaka, mila zisingemruhusu.

"Basi kaa chini, mtumwa wangu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na maji. "Nyuma yako hakuna ardhi. Kaeni wote wawili. Tambaeni mkija kwenye matusi."

Tukawasikia wakikaa. Kisha wakaanza kuja, polepole, nami nawatukana, naye anarudisha kutoka chini chini kwenye majani, mpaka mkono wake ukagusa kiatu changu. Catherine alimkumbatia akiwa bado amepiga magoti. Jastin alikuwa ameng'ang'ania mkoba wake kama mtoto mchanga, na upande mmoja wa suruali yake ulikuwa umejaa udongo mwekundu wa ukingoni kabisa.

Na kumbukeni, hatukuwa tumetoka bado. Ukungu ulizidi. Wale watoto wa chuo hawakuweza kusimama. Nikaona hapa ni lazima nioneshe ujomba wangu. Nikambeba Jastin bega la kulia, Nasra bega la kushoto, nikamshika Catherine mkono, nikaanza kushuka bila kuona hata kidole changu. Kufika karibu na mkuyu, kumbe limejizungusha kwenye shina joka moja jeusi, kichwa kama jembe, linanitazama. Nikalitazama. Nikaliambia, wewe joka, mimi ndiye Gervas, na hawa ni—

"Mjomba."

Nipo naandika hapa sokoni, kwenye gunia la Catherine, wala sikujua kwamba amekwisha kuuza giligilani zote na amesimama nyuma yangu anasoma.

"Joka gani, mjomba?"

"Jeusi."

"Mjomba, ni Nasra aliyekushika mkono mpaka kwenye banio. Ulikuwa umefumba macho. Ulikuwa unamuuliza kila hatua kama tumefika."

"Sasa hilo na joka vinahusiana nini? Mtu hawezi kufumba macho na bado—"

"Wewe unanicheka mimi kwa ukungu, halafu unaleta joka? Kila mtu analeta joka. Futa."

Haya. Lilikuwa siyo kubwa hivyo, wala kichwa hakikuwa kama jembe, kilikuwa zaidi kama cha—