Ngoma Niliyomsingizia Jirani

Harufu ya vumbi lililomwagiwa maji bado hunikosesha raha. Shuleni kwetu, kwenye makazi ya wakimbizi nje ya Mpanda, tulinyunyizia uwanja kwa ndoo kabla ya kucheza ngoma, vinginevyo wageni wangeondoka wekundu kuanzia viatu mpaka kope.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu alitaka kila mtoto alete ngoma ya kwao kwa ajili ya mashindano. Watoto wa wafugaji wa Kisukuma walikuja na majembe, wakayarusha na kuyadaka wakicheza bugobogobo, sisi tumeshika vichwa. Wavulana wa darasa la saba walidai kwao hakuna ngoma, wakacheza singeli ya redioni kama watu waliokanyaga siafu. Mimi nikaenda kwa bibi.

Bibi, tuliyemwita Nyogokuru kwa Kirundi chetu, alitoka Burundi akiwa msichana. Nyuma ya jiko alinifundisha kuinua mikono kama pembe za ng'ombe na kukanyaga chini taratibu, njuga zikilia miguuni. Nikishusha viwiko ananigonga kwa mwiko. "Ng'ombe gani huyo, pembe zimelala?" Alinifundisha nusu tu. Iliyobaki, alisema, angenipa nikishajua kusimama.

Tatizo lilikuwa karatasi. Tulikuwa tumeomba uraia, majibu yalikuwa hayajatoka, na mama aliogopa hata kukohoa mbele ya mtu mwenye faili. Asubuhi ya mashindano, tukijiandaa kwenda mjini, aliniinamia. "Wakikuuliza, sema ni ngoma ya Waha wa Kigoma. Umesikia?" Nikaitikia kwa kichwa.

Nilicheza vizuri, siwafichi. Vigelegele vilipotulia, jaji mmoja, mama mnene mwenye kipaza sauti, akaniuliza ngoma ile ni ya wapi.

"Ya Waha, mama."

Akacheka. "Mimi mwenyewe Muha, mbona hii siijui? Nani kakufundisha?"

Bibi alikuwa amekaa mbele na wazazi wengine, kajifunga kitenge chake cha kanisani. Aliposikia swali hilo alianza kuinuka, anatabasamu, mkono mmoja tayari uko hewani. Mimi nikawaza faili, nikawaza mama.

"Jirani," nikasema. "Jirani yetu mmoja. Alishahama."

Bibi akakaa. Akaanza kupangusa vumbi kwenye kitenge ambacho hakikuwa na vumbi. Nilitaka kumkimbilia, lakini nikabaki pale na njuga zangu huku watu wakinipigia makofi. Tulishika nafasi ya pili, tukapewa mpira.

Njiani hakunigombeza. Wiki iliyofuata nilipomwomba anifundishe nusu iliyobaki, alicheka tu. "Kamuulize huyo jirani yako." Nami nikacheka, nikidhani ni utani. Lakini kila nilipoomba tena, jibu lilikuwa hilohilo. Karatasi zilipotoka, na yake ikiwemo, magoti yalikuwa yameshamgomea. Hatukukaa naye sana baada ya hapo.

Tulipokwisha kumzika ndipo mama aliponiambia kwamba yale maneno ya Waha yalitoka kwa bibi mwenyewe. Ndiye aliyeshauri niyaseme, nisije nikapata shida mbele za watu. Kumbe kabila lake alikuwa radhi nilifiche. Alichotaka siku ile ni asimame, watu waone aliyenifundisha, basi. Waha niliagizwa kuwataja. Jirani nilimtunga mimi, na hakuna wa kumlaumu ila mimi, na aliyepaswa kuniambia yameisha hayupo.

Sasa nafundisha shule moja Kasokola. Wanafunzi wangu wanacheza kila kitu, majembe na singeli, na ile ya bibi wanaipenda kuliko zote. Wanaicheza mpaka inapoishia ile nusu ninayoijua. Hapo wanasimama, mikono juu, wananitazama niwaambie kinachofuata.