Zuhura Ndani ya Mama Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Masasi, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta hakunipa hata kiti. "Mama Bakari," aliniambia, "hapa tunaandika programu kwa C. Hii kazi si lelemama." Nikavuta kreti tupu la soda, nikakalia, nikamwambia tuanze. Nawaambia haya ninyi vijana mnaonicheka kwamba C ni lugha ya kompyuta ya wazee. Chekeni tu, mimi sibembelezi mtu.

Katika C, jina la mtu ni herufi zilizopangwa moja moja kwenye kumbukumbu ya mashine, na mwisho wake kuna sifuri usiyoiona kwenye kioo. Hiyo sifuri ndiyo inayoiambia mashine isimame. Ukikata kipande cha maandishi kwa strncpy, yaani amri ya kunakili herufi kadhaa tu, na kipande kikaishia katikati, sifuri haijileti yenyewe. Iweke kwa mkono wako, la sivyo mashine itaendelea kusoma takataka zilizo jirani. Mkuu alikuwa akipita nyuma yangu na kuuliza, "Sifuri iko wapi?" Alinikera mno yule mzee, ila alinifundisha kazi.

Baadaye nikahamishiwa Newala, chini ya Meneja wa Ghala, wakati wa kugawa salfa. Ni ile dawa ya unga tunayopuliza mikorosho inapotoa maua, isishikwe na ugonjwa wa ubwiri unga. Ukichelewa, maua yanakauka na msimu umekwenda. Tuligawa kwa vimashine vya mkononi vyenye kumbukumbu ndogo, ndiyo maana viliandikiwa C. Majina ya wote waliokwisha kuchukua fungu lao yalikaa kwenye mfuatano mmoja mrefu wa herufi, kila jina likiwa na mstari wima mbele na nyuma. Na yaliandikwa kama watu wanavyoitwa huku kwetu: Mama Somoe, Baba Hamisi.

Asubuhi moja akaja binti mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jina?"

"Zuhura."

Karani niliyekaa naye dirishani akaandika. Mashine ikajibu: AMESHACHUKUA.

"Sijachukua mimi! Mikorosho yangu imechanua, nitapuliza nini?"

Meneja akatoka ofisini. "Mashine haina undugu na mtu. Unataka kutuibia kweupe? Toka kwenye foleni, mwizi wewe!"

Binti wa watu akalia mbele ya majirani zake. Jamani, damu ilinichemka! Nikaingia ofisini, nikafungua programu aliyoiacha fundi aliyenitangulia.

Alitumia strstr, amri inayotafuta kipande ndani ya maandishi marefu na kukuonyesha kinapoanzia. Lakini inakuonyesha cha kwanza tu, halafu inanyamaza. Jana yake mama mzazi wa binti huyu alikuwa amechukua fungu lake, na mama huyo jina lake ni Mama Zuhura. Mashine ilipomtafuta Zuhura, ilimkuta ndani ya jina la mama yake, ikaishia hapo.

Nikamweleza Meneja. Akasema, "Basi futa hizo Mama nani, Mama nani. Kila mtu aende akalete jina la kitambulisho."

"Thubutu! Maua yatawasubiri? Na mtu akizaa akaitwa kwa mwanawe, jina ni lake. Mimi mwenyewe Mama Bakari, nani atanifuta? Programu ndiyo itakayobadilika."

"Ukigusa hiyo programu bila idhini ya makao makuu, nakupa onyo kali."

"Nipe."

Nikagusa. Strstr ikipata kipande, programu sasa inatazama herufi iliyo kabla yake na iliyo baada yake. Zote zikiwa mstari wima, ndiye. Kama siyo, isogee herufi moja mbele, itafute tena, mpaka ikute sifuri ya mwisho. Nikaiweka kwenye mashine, nikamwita binti arudi dirishani. HAJACHUKUA. Nikamkabidhi mfuko wa salfa mbele ya foleni ileile, na Meneja akiwa amesimama hapohapo.

Onyo nililipata, na uhamisho wa kwenda Nanganga juu yake. Nikaenda. Mikorosho ya Zuhura ilizaa msimu ule, na hilo lilinitosha.

Siku hizi nimestaafu. Vijana wananiambia lugha mpya zinatafuta zenyewe. Sawa, lakini nazo ukizituma kumtafuta Zuhura bila kuziambia jina linaanzia wapi na linaishia wapi, zitamkuta ndani ya mama yake vilevile. Uvivu wa kufikiri hautibiwi kwa lugha mpya.

Siku ya kuniaga, Afisa Utumishi aliniita pembeni. Akasema nikiomba radhi, lile onyo litaondolewa, niondoke na sifa safi. Nikakataa. Akaniuliza, "Kwa hiyo hujutii chochote, mama?"

Nikamwambia najutia kimoja. Ningeigusa ile programu siku niliyofika Newala, kabla mtoto wa watu hajaitwa mwizi.