Mpiga Picha wa Chumba cha Mlango Mmoja

Saa tatu asubuhi. Mama Picha, mpimaji wa ultrasaundi wa kliniki, anaipasha chupa ya jeli kwa viganja vyake. Jeli ya baridi humshtua mtu, na huyu aliyelala kitandani ameshashtuka vya kutosha.

Ni fundi cherehani, na hii ni mimba yake ya kwanza. Wiki mbili zilizopita kipimo cha ultrasaundi kilionyesha mfuko wa mimba, lakini ndani hapakuonekana kitu. Aliambiwa arudi. Huenda hesabu ya siku ilikosewa, mtoto akawa bado mdogo mno kuonekana. Amerudi, mama mkwe wake akitangulia mbele.

"Mashine nazo huzeeka kama sisi," anasema mama mkwe. "Huyu anatapika hadi nyongo. Tumbo tupu litamtapisha?"

"Mashine ni mpya, mama. Mzee humu ni mimi."

Wanacheka wote watatu. Kifaa kinapogusa tumbo, kicheko kinakatika.

Mama Picha ana miaka kumi na minane katika kazi hii. Zamani alikuwa na mazoea: akiuona moyo unadunda, anamgeuzia mama kioo cha mashine atazame. Asipouona, anakiacha kilivyo, anaandika kimya.

"Siku moja," anasimulia, "nikawasikia wanaosubiri kwenye benchi la nje wakifundishana: akikugeuzia, umepona, asipokugeuzia, jikaze. Kumbe nilikuwa natangaza misiba bila kufungua mdomo!"

Tangu hapo anamgeuzia kila mtu kabla hajaanza. Ndiyo maana fundi cherehani anaona sawa na yeye. Duara ni lile lile, limeongezeka kidogo tu. Ndani, giza tupu.

"Yuko wapi?"

"Hayupo, mwanangu. Mfuko ulijijenga, mtoto hakukua. Mwili wako bado haujapata habari, ndiyo maana unatapika. Daktari atakueleza cha kufanya."

Fundi cherehani halii. Anakikodolea kioo tu.

"Nilimwambia aache kukanyaga cherehani," mama mkwe anaanza. "Sikio la kufa..."

"Mama." Mama Picha anaweka kifaa chini. "Si cherehani. Si ndoo ya maji. Si mkono wa mtu. Mara nyingi kasoro inaingia siku ile ile mimba inapotungwa, hata mwenyewe hajajua kama anayo. Ukimtwisha lawama, utamzika na yeye."

Kisha mama mkwe anavuta karatasi laini, anaanza kuifuta jeli tumboni, polepole, kama anayempangusa mtoto mchanga.

"Nisamehe, mwanangu. Mdomo wangu hauna breki."

Hapo ndipo fundi cherehani analia.

Chumba kina mlango mmoja. Ukitoka, unapita mbele ya benchi lililojaa matumbo makubwa, na macho yote yanakutazama wewe. Mama mkwe, aliyeingia akiwa mbele, sasa anahamia upande wa benchi, anamshika mkwe wake kiuno na kumkinga kwa mwili wake mpana hadi nje.

"Huyu leo amepata ukuta," anasema Mama Picha, akibadilisha shuka. "Wengi huja peke yao."

Huu ni mwaka wa nne anamwomba mkuu wa kliniki jambo moja: ukuta wa nyuma utobolewe, uwe na mlango wa kutokea uani. Amekwisha kumleta mwashi akaupima.

"Sitaki jengo jipya," anasema. "Nataka tundu la kumpitisha mtu anayelia."