Sindano Yangu ya Uchumba

Wewe, nani alikudanganya shosho hawezi chumbiwa? Mimi nilichumbiwa hapa Kitengela na miaka sitini na tatu, meno ingine imeenda.

Mzee mwenyewe ni yule huniletea nyanya na kitunguu kutoka Loitokitok, nauza kwa kibanda yangu. Bibi yake alikufa, bwana yangu pia. Siku ya kuniuliza aliweka kreti chini, akatoa kofia. "Mama, kabla ujibu, jua niko na virusi vya Ukimwi. Dawa nimeanza juzi tu. Sitaki kukuficha."

Nikaokota nyanya moja kwa kreti, nikaipanguza na aproni. Mtu mkweli hivyo, nilimtaka sana! Lakini dada yangu nilimzika na huo ugonjwa, sikutaka kuzikwa nao. Nikamwambia angoje.

Jikoni nikaambia mjukuu wangu, yule msichana wa koleji. Akashika mdomo. "Shosho! Si mkuwe tu marafiki?"

"Marafiki niko nao kanisani. Mimi nataka bwana."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema kuna dawa ya kuzuia, mtu hana virusi anatumia ndio asiambukizwe. Tukaenda Kajiado, maanake hapa Kitengela kila mtu ananunua sukuma wiki kwangu, wangenijua.

Nesi wa huko akanisalimia Kimaasai, "Sopa, koko," yaani habari shosho, nikajibu, halafu akageukia mjukuu. "Haya msichana, unataka kutumia gani?"

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Niko na mchumba."

Benchi yote ikageuka kuniangalia. Nesi akatuingiza ndani haraka, akibana kicheko.

Alinipima kwanza, nikatoka safi. Akanieleza: kuna tembe ya kila siku, kuna pete laini ya mpira inakaa huko chini ndani na kubadilishwa kila mwezi, kuna sindano ya kila miezi miwili, na ile mpya ya miezi sita.

"Tembe hapana," nikasema. "Hata ya presha nasahau, juzi nimepata ya Jumatatu kwa mfuko ya aproni na ni Ijumaa. Na pete, wacha ile ya kidole ikuje kwanza. Nichome ya miezi sita."

Akasema tusiwache kondomu, sababu hii haizuii magonjwa ingine ya kitandani, wala mimba.

"Mimba? Hiyo tuliagana kitambo!"

Kalamu ikamponyoka. Akanichoma tumboni mara mbili, akanipea tembe za kumeza hiyo siku na kesho yake, akaandika tarehe ya kurudi kwa kadi, nisiikose. Mimi hata jicho sikufunga. Mbuzi nawachomanga sindano mwenyewe, nitaogopa nini?

Kesho yake, nikishameza, nikapigia mzee simu. "Lete nyanya. Na kuja na shati safi, jibu iko." Akalia kwa simu, mzee mzima. Mchungaji akatubariki, na keki nikakata mwenyewe.

Juzi miezi sita ikaisha. Mjukuu akanipeleka tena. Nikapimwa: safi! Ningecheza pale pale kama si magoti. Nikachomwa ya pili, tukatoka nje na mimi nimeshika hiyo kadi juu kama tikiti.

Mjukuu akanishika mkono kwa gate. Hakuwa anacheka tena. "Shosho, mtu akinitaka, kabla nimpe jibu nitamleta hapa tupimwe wote wawili. Akikataa kuingia, namwacha hapa nje, narudi nyumbani kwako. Nimekuahidi."